Hivi hii habari ya kukata jeni na kupona selimundu ni kweli au tunapigwa?

Ngosha wa Sengerema

Wakuu habari za jioni. Mnivumilie maana nitaandika ndefu na simu yenyewe kioo kimepasuka.

Nina mdogo wangu wa kike, miaka 13, ana selimundu, hii ambayo mtaani tunaita sikoseli. Aligundulika akiwa na mwaka na miezi kama minne, vidole vya mikono na miguu vilivimba vikawa kama ndizi, bibi akasema mtoto kachezewa, tukazunguka kwa waganga wawili kabla mtu hajasema jamani mpelekeni hospitali. Tangu hapo maisha yetu ni kliniki, foliki, kuongezewa damu, na zile usiku za maumivu ambazo kama hujaziona siwezi kukuelezea.

Sasa wiki iliyopita nikaona klipu, dada mmoja mweusi wa Marekani anasema alizaliwa na sikoseli, wakamtoa seli wakazikata jeni wakamrudishia, sasa hivi hana maumivu tena. Nikamuonyesha mama. Kosa langu ndo lilianzia hapo, kwa sababu kuna jamaa pale mjini anauza vidonge anasema ni vya seli shina, na mama alivyomwambia habari ya klipu jamaa akadakia kwamba hiyohiyo ndo teknolojia yake, ila yeye imewekwa kwenye kopo, dozi ya miezi sita milioni moja na laki nane. Mama anataka kuuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mzee. Mi nimemwambia asubiri niulize wanaojua.

Kwa hiyo naomba kujua, hiyo ya kukata jeni ni kweli? Na kama ni kweli inahusiana vipi na makopo ya huyu jamaa? Na sisi watu wa hali ya chini tunaipataje? Msinitukane kama swali la kijinga.

chumvi_ya_mawe

Kopo likitibu sukari, presha, nguvu za kiume na sikoseli kwa mpigo, ujue linatibu umaskini wa muuzaji tu. Mwambie mama kiwanja hakiuzwi.

FundiMaabara

Mkuu pole, na mpe pole mama. Mi nipo maabara ya hospitali moja, sio dokta, ila damu za hawa watoto naziangalia kwenye hadubini mwaka wa tisa huu kwa hiyo naongea kitu ninachokiona kwa macho.

Klipu ni ya kweli. Huyo dada kama ndo yule ninayemdhania anaitwa Victoria Gray wa Mississippi, ndo alikuwa mtu wa kwanza Marekani mwenye selimundu kutibiwa kwa njia hiyo, Julai 2019, kule Nashville. Tiba inaitwa Casgevy, Uingereza waliipitisha Novemba 2023, Marekani wakafuata tarehe 8 Desemba mwaka huohuo. Kwenye majaribio kulikuwa na wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 kati yao walimaliza angalau mwaka mzima hawajapata ile mishtuko mikali ya maumivu hata mara moja. Hawa ni watu ambao kabla ya hapo hospitali ilikuwa kama nyumbani. Kwa hiyo sio porojo.

Sasa nikueleze kwa nini hiyo kitu haiwezi kuingia kwenye kopo, na hapa nitarefusha kidogo.

Ugonjwa wote huu ni herufi moja. Maelekezo ya kutengeneza mwili wa mtu yameandikwa kwa herufi kama bilioni 3, na kwenye jeni inayotengeneza himoglobini, kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, herufi A imekaa T. Basi. Hiyo tu inafanya himoglobini ikiishiwa oksijeni ianze kugandana kama ugali uliopoa, seli nyekundu inapinda inakuwa na umbo la mundu, ndo jina lenyewe lilipotoka, halafu inakwama kwenye mishipa midogo kama bajaji iliyozimika uchochoroni na nyuma yake zinajipanga zingine. Maumivu ndo hapo. Af seli ya kawaida inaishi siku kama 120, hizi zilizopinda siku 10 hadi 20 zimeshavunjika, ndo maana damu inapungua kila mara na macho yanakuwa ya njano.

Sasa utashangaa kitu kimoja, wale wataalamu hiyo herufi mbovu hawakuigusa. Ipo vilevile mpaka leo kwenye mwili wa huyo dada. Walichofanya ni ujanja mwingine. Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini ya aina nyingine, tuiite ya kitoto, ambayo haina ubovu wowote. Ndo maana mdogo wako miezi ya kwanza alikuwa mzima kabisa, hakuna aliyemchezea baadaye. Akishazaliwa mwili unaanza kuizima ya kitoto na kuwasha ya kikubwa, na kuanzia miezi sita hivi ndo unaona vidole vinavimba. Mwaka 2008 Vijay Sankaran na Stuart Orkin na wenzao kule Boston wakaonyesha kuwa kuna protini inaitwa BCL11A, hiyo ndo inayozima. Sasa akili ikaja, je tukimzima mzimaji? Ndo walichofanya. Wanakata sehemu ndogo inayoiwasha BCL11A ndani ya seli zinazozaa damu, mzimaji analala, himoglobini ya kitoto inarudi kazini ukubwani.

Mkasi wenyewe unaitwa CRISPR, ni kinga ya bakteria dhidi ya virusi. Na hili huwa nalipenda sana, moja ya ushahidi wa kwanza kwamba ni kinga ulitoka 2007 kwa watu waliokuwa wanachunguza bakteria wa kugandisha maziwa ya mtindi, walikuwa wanataka mtindi wao usiharibiwe na virusi basi. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna wakaonyesha unaweza kuuelekeza mkasi huo ukate pale unapotaka wewe, 2020 wakapewa Nobeli ya kemia.

Sasa utaratibu wenyewe kwa mgonjwa. Anachomwa dawa ya kusukuma seli shina, ndo hizo zinazozaa damu, zitoke kwenye uloto ndani ya mifupa ziingie kwenye damu, anaunganishwa na mashine inayozichuja, na mara nyingi siku moja haitoshi anarudia tena na tena. Seli zinapelekwa kiwandani, zinakatwa, zinakaguliwa, hapo inaweza kufika miezi sita. Halafu anapigwa kemo nzito, zile dawa kali za saratani, kufuta uloto wote wa zamani ili seli mpya zipate pa kukaa, nywele zinatoka, mdomo unakuwa vidonda, kinga inashuka sifuri, analazwa wiki 4 hadi 6 chumba cha peke yake. Na hiyo kemo inaweza kumfanya mtu asizae tena. Haya, mwambie huyo wa kopo akuonyeshe chumba chake kiko wapi.

Bei Marekani dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Zaidi ya bilioni 5 za kwetu.

Kipanga Mzee

Ndo nilichokuwa nasubiri useme, bilioni 5. Yaani wazungu dawa wanayo, ugonjwa ni wetu, wanatuonyesha kwenye klipu kama wali wa harusi ya jirani, unanusa tu. Na mtaona, siku wakileta huku itakuwa ya kufanyia majaribio.

FundiMaabara

Mzee Kipanga hasira yako naielewa na kwenye bei sina cha kukupinga. Ila usiseme sisi tumo kwenye klipu tu, ugonjwa huu umeeleweka kwa damu za watu wa huku kabisa. Kuna mtu anaitwa Anthony Allison, alikulia Kenya, mwaka 1949 akiwa bado mwanafunzi alizunguka Kenya anachukua sampuli za damu za makabila, akaona kitu cha ajabu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria wenye kinasaba, yaani jeni, kimoja cha selimundu ni wengi, hata zaidi ya mmoja kwa kila watu watano, ukipanda milimani kwenye baridi karibu hakuna. Akajiuliza, pwani na ziwani kuna nini? Mbu. Mwaka 1954 akachapisha kwamba ukiwa na kinasaba kimoja tu malaria kali inakupitia mbali. Kwa hiyo babu zetu waliobeba kimoja walipona malaria wakazaa, na wakikutana wawili wenye kimoja kimoja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne mtoto achukue vyote viwili. Mdogo wake Ngosha amelipia kinga iliyowaokoa mababu wa Sengerema yote. Mi huwa nikiwaza hilo nashindwa kuita laana wala bahati.

Mama Salha

Samahani naingilia. Mi sina sayansi, nina mtoto. Wa kwangu wa kiume ana 9 na ana SS, yaani amechukua vyote viwili.

Ngosha baba, mdogo wako anatumia haidroksiurea, ile dawa ya kumeza ya selimundu? Maana umetaja foliki na damu, hujaitaja. Nakuuliza kwa sababu mi nilipoteza miaka mitatu hivihivi. Mtoto akiwa na miaka 3 dokta mmoja alitaja hiyo dawa, nikatoka na cheti, nikafika duka la dawa muuza duka akaniangalia akasema mama hii si dawa ya kansa, nani kakuandikia? Nikaogopa nikachana cheti pale pale nje. Na kwenye hospitali tuliyokuwa tunaenda, siitaji, kila nikirudi nakutana na dokta mwingine na hakuna aliyeniuliza ile dawa uliinunua, wanaongeza damu wanatupa panadoli tunarudi nyumbani. Nimefika mwaka nimelazwa na mtoto mara saba. Saba. Kazi nikaacha, baba yake akasema hawezi haya mambo akaondoka.

Siku moja kwenye foleni nikakaa na dada mmoja mtoto wake mkubwa wa sekondari, mzima, anacheka, namuuliza we huyu naye ni SS? Akasema ndiyo, anameza haidroksi mwaka wa tano. Nikalia pale kwenye benchi watu wananiangalia.

Wa kwangu ameanza akiwa na 6. Sikudanganyi eti amepona, hajapona, mwaka jana alilazwa mara moja. Lakini kutoka saba mpaka moja we mwenyewe pima.

Ngosha wa Sengerema

Mama Salha asante sana. Hiyo dawa ilitajwa kweli, kama 2021, mama akaambiwa na jirani kuwa ni ya kansa na inaua kizazi, tukaachana nayo. Yaani maneno yaleyale. Fundi ni kweli ni ya kansa?

FundiMaabara

Ni kweli na sio kweli. Ilianza huko, inatumika kwenye baadhi ya saratani za damu kwa dozi kubwa. Kwa selimundu Marekani waliipitisha 1998 na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Unajua inafanyaje kazi? Hapa ndo nilitaka kufika tangu mwanzo ila niliandika ndefu nikachoka. Inapandisha himoglobini ya kitoto! Ileile. Mlango uleule ambao Casgevy inaupasua kwa mkasi wa bilioni 5, kidonge hiki kinausukuma taratibu kila siku. Hakifungui wote, tofauti yake ndo hiyo, na ukiacha kumeza unafunga tena. Ila ni mlango uleule. Halafu jirani anasema sumu na kopo la milioni na laki nane ndo dawa.

Masharti yapo, usiende kununua kichwakichwa. Dozi inapimwa kwa kilo za mtoto, na anatakiwa kupima FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, kila baada ya muda kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe, zikishuka sana dokta anasimamisha kwanza. Na akikua akitaka kuzaa azungumze na dokta mapema maana wakati wa mimba haishauriwi. Hilo la kuua kizazi watu wamelikuza, kwa wanaume inaweza kupunguza mbegu, ndo maana nasema azungumze na dokta, sio na jirani.

Kadzo

Nami niongeze hapo maana hiyo dawa ilijaribiwa kwetu Kilifi. Wengi walikuwa wakisema haiwezi kufaa Afrika, eti watoto wetu wana malaria na utapiamlo, ikishusha kinga ya mwili itawamaliza. Basi wakaifanyia utafiti, Kilifi huku kwetu, Mbale Uganda, Kinshasa na Luanda, watoto zaidi ya 600, matokeo yakatoka kati ya 2018 na 2019 na aliyeongoza uandishi ni daktari wa Kinshasa, Léon Tshilolo. Maumivu yalipungua, kuongezwa damu kukapungua, vifo vikapungua, na malaria ile waliyoiogopa nayo ikapungua. Yaani kinyume kabisa na walivyodhani.

Binamu yangu alikuwa na mtoto kwenye kliniki hiyo. Watu mtaani walikuwa wakimwambia mwanao anafanywa panya. Sasa huyo panya yuko sekondari na ana maneno mengi kuliko sisi sote nyumbani. Kwa hivyo mzee Kipanga majaribio sio tusi siku zote, inategemea wanaofanya ni nani, na dawa ikishakubali itabaki kwenu au itaondoka nao. Hapo kwenye kubaki ndio pana shida, nakubali, maana vijijini huku dispensari nyingi hutaipata, sharti uende hospitali kubwa.

Kipanga Mzee

Sawa Kadzo nimekusoma. Lakini bado nauliza, kama mlango ni uleule na kidonge kipo tangu 1998, kwa nini mtoto wa Sengerema hajakipata mpaka leo? Hilo jibu lake haliko maabara.

FundiMaabara

Haliko kweli. Na ni aibu yetu, sio ya mzungu.

bin_Saleh wa Maskati

Assalaam alaykum. Mie niko Maskati huku, asili yetu Unguja. Maradhi haya huku Oman yako tele, kwenye familia zetu hizi za Kiswahili hasa, utakuta nyumba moja wawili watatu. Hiyo tiba ya kukata jeni Bahrain waliipitisha mwisho wa 2023 na Saudia mwanzoni mwa 2024, yaani Ghuba hawakuchelewa, pesa wanazo na maradhi wanayo. Lakini nakwambia kijana mmoja wa jamaa zetu walimpa maelezo ya hiyo tiba kisha akakaa akafikiri, ana miaka 22, hajaoa, akaambiwa kemo inaweza kumkosesha watoto, akasema wacha niendelee na vidonge kwanza. Hata ukipata bure si jambo la kurukia tu.

La pili, vijana pimeni kabla ya kuoana. Sisi tulikuwa tunaoana bin ami kwa bin ami hakuna anayeuliza, matokeo yake tunayaona.

Ngosha wa Sengerema

Nimesoma yote nimemsomea na mama, nimeruka tu ile ya kutokuzaa nitamwambia baadaye. Ana swali, na mimi ninalo. Amesikia redioni kwamba Dodoma wanabadilisha uloto kwa watoto wa sikoseli na wanapona, je hiyo ndo hii ya jeni au nyingine? Na la kwangu, kuna mtu inbox ananiambia kuna dawa mpya kabisa ya Marekani ya vidonge ya sikoseli inaitwa Oxbryta, anaweza kuniagizia, vipi?

FundiMaabara

Ya Dodoma ni nyingine na ni ya kweli, Hospitali ya Benjamin Mkapa wameanza upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye selimundu. Hapo hawakati jeni, wanachukua uloto wa ndugu mzima wanampa mgonjwa. Kemo ipo palepale, kulazwa kupo. Kikwazo kikubwa ni kufanana, ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana naye kwenye vile vialama vya kinga. Hata ukiwa na kinasaba kimoja, yaani AS, bado unaweza kumchangia, usiogope. Mko wangapi kwenu? Ikiwezekana muulizeni dokta wa kliniki awaandikie rufaa mkasikilize, kusikiliza sio kukubali. Na ubaya wa CRISPR ni bei ila uzuri wake ndo huo, mgonjwa anatumia seli zake mwenyewe, hatafuti wa kufanana naye.

Oxbryta USIGUSE. Na huyo mtu wa inbox mpige bloku. Hiyo dawa ilipitishwa 2019, watu tukashangilia, Septemba 2024 kampuni yenyewe Pfizer ikaiondoa dunia nzima baada ya takwimu kuonyesha mishtuko na vifo vimezidi kwa waliokuwa wanaimeza. Kwa hiyo huyo anakuuzia mzigo uliotolewa sokoni, au unga wa muhogo. Sijui kipi ni bora kati ya hivyo viwili, labda muhogo.

Na ndo maana mi huwa sishangilii kila kitu kikiitwa kipya. Haidroksi ni kizee lakini imeshapita kwenye moto.

chumvi_ya_mawe

Unga wa muhogo angalau unasonga ugali 😂

Dada Neema N.

Fundi hebu niulize la pembeni, hivi hakuna namna hiyo CRISPR ikawa sindano tu bila kemo na kulazwa? Maana chanjo za korona zilikuja haraka sana.

FundiMaabara

Neema umegusa penyewe, na chanjo za korona zinahusika kweli. Zile zilikuwa zimebebwa kwenye vitone vidogo sana vya mafuta, maana maagizo ya vinasaba ukiyachoma hivihivi mwili unayameng'enya kabla hayajafika. Sasa mwaka 2025 kule Philadelphia kuna mtoto mchanga alitibiwa, alizaliwa na tatizo la ini, mwili unashindwa kuondoa amonia, karibu nusu ya wa aina yake hufa wachanga. Madaktari wakamtengenezea mkasi wa herufi yake peke yake, ndani ya miezi kama sita, wakautia kwenye vitone vya mafuta kama vya chanjo wakamchoma kwenye mshipa. Hakuna kemo, hakuna kutoa uloto. Na huu haukati, unabadilisha herufi moja kuwa nyingine palepale, kama kufuta kwa raba. Mtoto akapata nafuu akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Tatizo ni kwamba ini ni kirahisi, mafuta ukiyachoma yenyewe yanakimbilia ini. Uloto uko ndani ya mfupa, ni kama kutuma mzigo nyumba isiyo na namba. Kufika huko kwa sindano moja ndo wanahangaika nako sasa hivi, na Gates Foundation na taasisi ya afya ya serikali ya Marekani walisema 2019 wataweka dola milioni 200 kwa ajili hiyohiyo, ya selimundu na ya virusi vya ukimwi, itakayofaa nchi kama zetu. Siku ikipatikana hata Sengerema inaweza kufika, maana sindano haitaki kemo wala kulazwa wiki sita. Lini, mi sikwambii mwaka, watu wanapenda kutaja mwaka halafu tunabaki tunawahesabia.

Mama Salha

Na hiyo siku ikifika wa kwangu awe yupo hai. Mi hesabu yangu ni hiyo tu. Kila asubuhi kidonge, maji lita zake, neti usiku, homa ikigusa 38 sisubiri kupambazuke.

Ngosha wa Sengerema

Narudisha majibu wakuu, zimepita wiki mbili.

Kiwanja hakijauzwa. Jamaa wa kopo alikuja nyumbani kabisa, mama akamuuliza swali moja tu, akamwambia wewe kwenye kopo lako kemo iko wapi na chumba cha kulaza wiki sita kiko wapi. Jamaa akasema mama huelewi sayansi. Mama akamwambia basi nieleze himoglobini ya kitoto ni nini. Akaondoka hajamaliza hata chai. Fundi ungekuwepo ungefurahi.

Tumeenda Bugando, hospitali ya rufaa pale Mwanza. Wamempima FBP, ini, figo, na wakampima mishipa ya damu ya kichwani kwa mashine ile ya mawimbi, nilikuwa sijui hata kama ipo, wanasema inaonyesha kama yuko kwenye hatari ya kupata kiharusi. Namshukuru Mungu iko sawa. Ameanza haidroksi Jumatano. Mama alimuuliza dokta ile ya kizazi mbele yangu, dokta akacheka kidogo akamueleza vilevile kama Fundi alivyoeleza. Tunarudi baada ya wiki nne kupima tena damu. Rufaa ya Dodoma wamesema tuongee tukirudi.

Kimoja sikutegemea. Walisema ndugu wote tupimwe kwa hiyo na mimi nikapima, mi ni AS. Nina mchumba, mwezi wa kumi na mbili tulikuwa tunapeleka barua kwao. Na kwao ni Ukerewe, kisiwani ziwani kabisa, Fundi na ile hadithi yako ya mbu sijalala vizuri. Bado sijamwambia. Nianzie wapi?

bin_Saleh wa Maskati

Anza na kipimo kwanza mwanangu, bado hujajua lolote juu yake. Nenda naye mkapime pamoja, wewe upime tena naye akuone unachomwa. Isiwe kama unamchunguza yeye.

Mama Salha

Na umwambie kabla ya kufika hospitali, sio mkiwa kwenye foleni. Mi baba Salha aliniambia kwao kuna mtoto wa hivyo siku nimeshajifungua.

Ngosha wa Sengerema

Sawa. Leo jioni nampigia. Mdogo wangu amesikia tunaongea na mama akasema kama wifi naye ni AS eti yeye ndo ataongea naye, anajua kuelezea kuliko mimi.